Sanda na Haki: Habari za Vyama Vyetu Mpakani Busia na Tororo

 

Ndugu Waislamu, wazee wa chama wameniagiza niandike katika kitabu hiki cha ukumbusho habari za vyama vya Waislamu wa pande hizi za Busia na Tororo, tangu zamani hata leo. Mimi si mwanachuoni wa tarikhi. Elimu yangu ni ya chuoni kwa maalim, na madarasa ya skuli ya msingi, na yaliyobaki nimeyapata kwa kusoma mwenyewe na kwa kuwasikiliza wazee. Lakini jambo lenyewe nimeliishi, ndiyo sababu nikakubali. Majina ya wenyeviti na makatibu sitayataja, maana yamewekwa ukurasa wake. Nitaandika habari ya kitu kimoja ambacho hatukioni, kama mtu asivyouona msingi wa nyumba alalayo: nacho ni ruhusa ya watu kukusanyika kwa hiari yao, wakaandika majina yao katika daftari, wakachanga fedha zao, wakamsaidia mnyonge pasipo kumwomba mkubwa idhini ya kuwa na huruma. Katika sheria za siku hizi kitu hicho chaitwa uhuru wa kujumuika.

Naanza na kisa kilichotupata wenyewe. Chama chetu kilianza mwaka wa 1994, nacho kilikuwa chama cha maziko tu. Kila mwanachama alitoa shilingi chache kila mwezi, za Uganda upande huu na za Kenya upande ule, na akifa mtu tulinunua sanda, na mbao, na chakula cha wafiwa. Hakuna aliyetuuliza neno. Mwaka wa tatu akafariki fundi mmoja wa baiskeli, mwanachama wetu, tukamzika kwa heshima. Hazijapita siku arubaini, na eda ya mjane wake haijesha, ndugu za marehemu wakaja wakamtoa yule mama nyumbani pamoja na watoto wanne, wakasema nyumba ni ya ukoo. Akaja msikitini baada ya alasiri, akasimama nje penye viatu, akasema, “Waheshimiwa masheikh, mume wangu mlimzika vizuri. Je, mimi mtanizika wapi?”

Tulikaa baraza usiku ule mpaka saa sita. Mzee mmoja, Mungu amrehemu, akasema, “Sisi ni chama cha sanda, si chama cha kesi. Tukiingia katika kesi tutakosana na watu, na siku ya maziko hawatakuja.” Mwingine akamjibu, “Basi, mzee wangu, tumwambie huyu mama afe kwanza ndipo tumsaidie?” Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Mwisho tukapiga kura, wakashinda waliotaka kwenda naye, kwa kura tatu.

Tukaenda naye kwa baraza la kijiji, na kutoka hapo tukapanda katika ofisi ambayo sina haja ya kuitaja. Afisa akatutazama, akauliza cheti chetu kimeandikwa nini. Tukamwonyesha. Kimeandikwa maziko. Akasema, “Hapa pana mtu aliye hai. Rudini makaburini.” Alisema kwa mzaha, lakini kwa upande wa karatasi alikuwa na hoja. Ikatubidi tuitengeneze upya katiba ya chama, tuandike kwamba pamoja na maziko tutawasaidia wajane na mayatima kupata haki zao kwa njia ya sheria, tuipeleke ikaandikishwe, tungoje. Tulingoja miezi minane. Miezi yote hiyo yule mama na wanawe walikaa kwa mwanachama mmoja katika chumba cha uani. Nyumba hatimaye ilirudi mikononi mwa watoto kwa hukumu. Karakana ya baiskeli haikurudi, ilikwisha uzwa.

Tangu siku hizo nimejiuliza: sadaka yaishia wapi, na haki yaanzia wapi? Ukimpa mjane kibaba cha unga, watu wote wakusifu. Ukiuliza kwa nini hana unga, nani amechukua shamba lake, hapo ndipo waulizwa wewe nani, na cheti chako ki wapi. Nami naona kwamba chama ambacho hakiruhusiwi kuuliza swali hili la pili, sadaka yake yenyewe ni nusu ya sadaka. Habari nitakazozieleza zote zazunguka hapo.

Kabla sijaingia katika mambo ya nchi zetu, nawakumbusha kisa ambacho wengi wenu mmekisikia katika darasa za sira. Kabla ya utume, mfanyabiashara mmoja wa Zabid, katika Yemen, aliingia Makka na bidhaa zake. Al-As bin Wail akazinunua, akakataa kulipa. Yule mgeni hakuwa na ukoo Makka, na palipo na ukoo tu pasipo na dola, asiye na ukoo hana pa kushitaki. Akapanda juu ya jabali la Abu Qubays akapiga ukelele mbele ya Maquraishi. Ndipo watu wa koo kadhaa wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud’an, wakafunga ahadi kwamba watasimama pamoja na kila aliyedhulumiwa, mwenyeji au mgeni, mpaka arudishiwe haki yake. Wakamwendea Al-As, wakayatoa mali mkononi mwake. Mapatano hayo ndiyo Hilful-Fudhul. Mtume wetu alihudhuria akiwa kijana, na baada ya kupewa utume aliendelea kuyasifu, ingawa waliofunga ahadi ile hawakuwa Waislamu. Hawakuwa watawala vile vile. Walikuwa watu waliojikusanya katika mji wa biashara kwa sababu ya mgeni aliyedhulumiwa mali yake. Basi mtu wa Busia hahitaji kuelezwa kisa hiki mara mbili.

Sasa tutazame mahali petu. Mpaka huu wenyewe ni mgeni. Hata mwanzo wa mwaka wa 1902 nchi ya Uganda ilifika hadi Naivasha. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Waingereza wakaimega mikoa ya mashariki wakaitia katika himaya ya upande wa pili, ambayo baadaye ikawa Kenya. Mstari ukawapita Wasamia, ukawapita Wateso, ukamwacha mtu huku na shemeji yake kule. Waislamu walikwisha kuwako. Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilikuwa ikituama Mumias, kwenye makao ya Wanga, na kutoka hapo dini ikatambaa kwa ndoa na biashara. Kisha reli ikapita Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920, ikafika Kampala mwaka wa 1931, ikaleta makarani, mafundi na wachuuzi wa kila kabila. Kila palipokuwa na Waislamu kumi palikuwa na msikiti wa udongo, chuo cha Kurani, na namna fulani ya mchango wa maziko. Hiyo ndiyo asili ya vyama vyetu vyote. Havikuanzishwa na sheria, na kwa muda mrefu sheria haikuvitambua.

Mkoloni aliujua vizuri mpaka kati ya sadaka na haki. Mfano wake uko karibu nasi, katika nchi iliyoitwa Kavirondo. Desemba 1921 walimu na wasomi wa misheni walikutana Lundha, katika Gem, wakalalamikia kodi, na kipande, na kazi za kulazimishwa, na kwamba nchi yao imegeuzwa koloni mwaka mmoja uliopita bila ya wao kuulizwa. Watu wakakiita chama chao Piny Owacho, yaani nchi imesema. Serikali haikukipenda. Mwaka wa 1923 padri mkubwa, Archdeacon Owen, akawa raisi wa chama, na jina likageuzwa kikawa chama cha ustawi wa walipa kodi. Wanachama wakahimizwa kuua panya na kuchimba vyoo. Sisemi panya asiuawe, kwani tauni ilikuwa ikiua watu. Wala Owen mwenyewe hakuwa mtu wa kunyamaza, aliendelea kuwaandikia wakubwa na magazeti ya Uingereza juu ya dhuluma, hata walowezi wakamchukia. Lakini tazameni jinsi mambo yalivyopangwa: chama cha kuuliza habari ya kodi ni hatari, chama cha kuua panya ni chema. Waliokataa kugeuzwa walifungwa midomo. Katika Kenya vyama vya Wakikuyu, Wakamba na Wataita vilipigwa marufuku mwaka wa 1940. Katika Uganda chama cha Bataka na kile cha wakulima vilipigwa marufuku mwaka wa 1949 baada ya ghasia za Buganda. Na mwaka wa 1952, mwaka wa hali ya hatari, Kenya ikatunga sheria ya kuandikisha vyama.

Na hapa kwetu, Januari 1960, wilaya ya Bukedi ikawaka moto kwa ajili ya kodi. Watu waliwavamia machifu, nyumba zikachomwa, watu wakafa, na tume ikaundwa kuchunguza. Wazee walionisimulia walisema kwamba malalamiko yale yalikuwako miaka mingi, ila hapakuwa na mahali pa kuyapeleka isipokuwa kwa chifu yule yule aliyekuwa akilalamikiwa.

Waislamu katika miaka hiyo walikuwa na jambo jingine lililowachoma, nalo ni elimu. Skuli karibu zote zilikuwa za misheni, na mtoto aliyetaka kusoma mara nyingi ilimbidi abadili jina. Miaka ya 1940 Waislamu wa Uganda wakaunda chama chao cha elimu, na Prince Badru Kakungulu, ambaye ukoo wake ulitoa ardhi ya Kibuli, akawa nguzo yake. Mwaka wa 1945 ikaanzishwa Mombasa ile Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, ambayo wazee waliijua kwa herufi zake za Kiingereza, E.A.M.W.S. Mwasisi wake alikuwa Aga Khan, Sir Sultan Mohamed Shah, naye aliweka sharti zuri: kila pauni ambayo Waislamu wenyewe wataichanga, yeye ataweka pauni nyingine juu yake. Nasema sharti zuri kwa sababu halikumfanya Mwislamu ombaomba. Kijiji kisichochanga hakikupata. Kilichochanga kilipata mara mbili, tena mali ikawa yake. Misikiti na skuli nyingi katika Kenya, Uganda na Tanganyika zilijengwa kwa njia hiyo, na Mshia Ismailia aliketi halmashauri moja na Sunni, Mhindi na Mwafrika, jambo ambalo leo hatuliwezi hata katika kikao cha mwezi mwandamo.

Jumuiya hiyo haikuishi. Tanzania iliipiga marufuku Desemba 1968, baada ya mgogoro wa miezi michache, na mwezi huo huo likaundwa BAKWATA. Katika Uganda mambo yalikwisha anza kuharibika. Mwaka wa 1965 waziri mmoja, Adoko Nekyon, binamu wa Obote, aliunda chama cha maendeleo ya Waislamu, NAAM, kushindana na Kibuli. Kila msikiti ukaulizwa uko upande gani. Watu walipigana, na wengine wakafa, wote wakielekea kibla kimoja.

Nafika sasa mahali ambapo baadhi ya wasomaji hawatanipenda. Mwaka wa 1971 Idi Amin alitwaa Serikali, na Juni 1972, baada ya mkutano wa Kabale, akawaunganisha Waislamu wote wa Uganda katika Baraza Kuu moja, na vyama vingine vyote vikaambiwa viingie humo. Nilikuwa mtoto mdogo sana, lakini nimekua nikisikia furaha ya siku zile. Marehemu baba yangu aliizungumza kama mtu anavyozungumza harusi yake. Waislamu, waliokuwa nyuma kwa miaka sabini, sasa wana Baraza, wana kilima cha Old Kampala, wana Kadhi Mkuu. Agosti mwaka huo huo Amin akawapa Wahindi siku 90 waondoke, na baadhi ya majumba waliyoyaacha Baraza likapewa.

Nani alikataa? Karibu hakuna. Nami sidhani kwamba ningekuwa mtu mzima ningekataa. Lakini leo, kwa kuwa mambo yamekwisha pita, yatupasa kuhesabu bei tuliyolipa. Kwanza, katika wale waliofukuzwa walikuwamo Waislamu wengi, Ismailia na wengineo, ambao pauni zao zilijenga skuli zetu. Tulipokea nyumba za ndugu zetu walionyang’anywa, na sikumbuki kusoma kwamba mimbari moja ilipiga kelele. Pili, nyumba hizo hazikukaa. Mwaka wa 1982 ikatungwa sheria ya kurudisha mali zilizotwaliwa, na wenyewe wakarudi kudai. Tatu, na hili ndilo kubwa, chama kilichoundwa na Rais hakiwezi kumwuliza Rais swali. Mwaka wa 1977 Amin alipopiga marufuku makundi 27 ya dini, Wakristo wadogo wadogo na wengineo, Baraza letu lingesema nini, nalo lilikuwa mtoto wa mkono ule ule? Walipopotea watu, Waislamu wakiwa miongoni mwao, nani angeshika daftari la majina? Na Amin alipoanguka mwaka wa 1979, Waislamu waliadhibiwa kana kwamba kila mmoja wetu aliketi naye mezani. Mahali pengine, hasa magharibi, waliuawa kwa wingi. Hatukuwa na chama chetu wenyewe cha kusimama mbele ya watu kikasema, hawa ni wakulima na wachuuzi tu.

Baraza lenyewe likawa gombo la ugomvi katika miaka ya 1980 na 1990, kila Serikali ikiwa na mtu wake na kila mtu akiwa na mahakama yake, na hata mwaka wa 2009 Kibuli ikamsimika kiongozi wake mwenyewe. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba umoja tuliopewa kwa amri haukutufundisha kukubaliana.

Miaka hiyo ya dhiki mpaka wetu ulikuwa mlango na ukuta kwa zamu. Bidhaa zilivuka juu ya baiskeli, na wenye kuvusha wakaita “boda, boda,” neno ambalo leo lapigwa Kampala na Nairobi na watu wasiojua kwamba lilizaliwa kwetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka wa 1977. Desemba 1987 askari wa nchi hizi mbili walirushiana risasi hapa Busia, na mpaka ukafungwa. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo upande wa Kenya, na mama yangu yu upande wa Uganda. Nilijua siku ile jinsi kulivyo kuwa na jamaa mia mbili mbali nawe kwa hatua mia mbili.

Sheria mpya zilikuja baada ya hapo. Uganda ilitunga sheria ya kuandikisha mashirika yasiyo ya Serikali mwaka wa 1989, Kenya ikaitunga yake mwaka wa 1990. Zote mbili zilitazama chama kama mgeni anayebisha hodi usiku. Katika bodi ya Uganda waliketi hata watu wa usalama. Lakini mwaka wa 1995 Katiba ya Uganda ikasema katika kifungu cha 29 kwamba kila mtu anao uhuru wa kujumuika na wenzake, na katika kifungu cha 38 kwamba raia anayo haki ya kushiriki kwa amani, kwa njia ya vyama vya kiraia, katika mambo ya kuielekeza Serikali. Na mwaka wa 2010 Katiba ya Kenya ikasema hayo katika kifungu cha 36, tena ikaongeza neno la maana: usajili usizuiwe wala kufutwa bila ya sababu ya haki, na chama kisikilizwe kabla ya kufutwa. Msomaji aliyekumbuka miezi yetu minane ataona neno hilo lina uzito gani.

Uzito wake ulipimwa Mombasa. Sina budi kueleza habari hii kwa urefu kidogo, maana ingawa ni ya pwani, yatuhusu kuliko nyingi za hapa. Kenya ilikwisha pata msiba wa Agosti 1998, ubalozi wa Marekani Nairobi ulipolipuliwa, wakafa watu zaidi ya 200, na mwezi uliofuata usajili wa mashirika kadhaa ya Kiislamu ya hisani ukafutwa. Mayatima waliokuwa wakilishwa nayo hawakuwa wamemlipua mtu. Kisha ukaja msiba wa tarehe 2 Aprili 2015: wauaji waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakawaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Ni dhambi ambayo hakuna Mwislamu awezaye kuitetea. Siku chache baadaye Serikali ikatangaza orodha ya majina zaidi ya 80 ya watu na vyama vilivyoshukiwa, na akaunti zao katika benki zikafungwa. Ndani ya orodha yalikuwamo mashirika mawili ya Mombasa, MUHURI na HAKI Africa.

MUHURI, yaani Waislamu wa haki za binadamu, lilianzishwa mwaka wa 1997. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wasioweza kuweka wakili, kufuatilia fedha za maendeleo ya majimbo zimekwenda wapi, na kuandika habari za vijana waliochukuliwa na polisi wasirudi. Kama lingegawa tende tu wakati wa Ramadhani, sidhani lingeingia katika orodha. Benki ilipofungwa, mishahara ilisimama, na kazi ya wenye kesi ikakwama. Mashirika yale mawili hayakuchoma tairi. Yalikwenda mahakamani. Juni 2015 Jaji Anyara Emukule wa Mahakama Kuu ya Mombasa aliona kwamba hakukuwa na ushahidi wa kuyaunganisha na ugaidi, na Novemba mwaka huo ikaamriwa akaunti zifunguliwe. Hesabuni, ni miezi saba. Wana wa Makka walikwenda mlangoni kwa Al-As siku ile ile, lakini basi, wao hawakuwa na benki.

Sisemi Serikali isituulize. Fedha ya sadaka ni amana, na wako watu, tunawajua, waliojenga nyumba za ghorofa kwa jina la mayatima. Ni haki mkaguzi aje, na daftari lifunguliwe. Wako pia wauaji wa kweli wanaojificha nyuma ya jina jema. Lakini kuuliza ni jambo moja, na kufunga kwanza ukauliza baadaye ni jambo jingine, kwa kuwa tumbo la yatima halingoji rufani.

Uganda nako, sheria ya mwaka wa 2016 imetaka shirika lipate kibali cha halmashauri ya wilaya na kutia sahihi mapatano nayo kabla ya kufanya kazi wilayani, kisha kibali kihuishwe kila baada ya muda usiozidi miaka mitano. Agosti 2021 mashirika 54 yaliambiwa yasimamishe kazi, mengine kwa vibali vilivyokwisha, mengine kwa hesabu ambazo hazikupelekwa. Mwaka wa 2024 ofisi iliyosimamia mambo hayo ikaingizwa ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mwaka huo huo, Mei 14, Kenya ikaanza kuitumia sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyokuwa imetiwa sahihi mwaka wa 2013 ikalala miaka kumi na mmoja. Nimeisoma kwa msaada wa mwanangu. Ni bora kuliko ya zamani, kwa kadiri nilivyoifahamu.

Nirudi nyumbani. Wapo wanaouliza, yote hayo yamhusu nini mchuuzi wa Sofia au mwendesha gari wa Malaba? Mwanzo wa mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 27, maelfu ya watu walivuka Busia na Malaba wakikimbia kuuawa, wakapelekwa katika kambi ya Mulanda, wilayani Tororo. Wengi wao hawakuwa Waislamu. Chama chetu kilipeleka unga, maharagwe na mablanketi, na kwa kuwa katiba yetu sasa ilikuwa na yale maneno ya haki, tuliweza kufanya jambo la pili: tulikaa na daftari chini ya mti, tukaandika majina ya watoto waliopotezana na wazazi na jina la kijiji cha kila mmoja, tukawapelekea wenye kazi hiyo. Mtoto mmoja alikumbuka tu jina la mbwa wao. Tuliandika jina la mbwa. Mama yake alipatikana.

Na mwaka wa 2020, wakati wa maradhi ya Korona, mpaka ulifungwa kwa waendao kwa miguu, na malori yakapanga foleni Malaba kwa makilomita na makilomita, madereva wakingoja kupimwa, wakilala chini ya magari yao katika mvua, wakitukanwa na watu kwamba wao ndio walioleta maradhi. Wengi walikuwa ndugu zetu kutoka Mombasa. Tulipowapelekea maji na futari, upande wa Uganda tulipita kwa sababu tulikuwa na karatasi zilizo hai. Upande wa Kenya cheti chetu kilikuwa kimekwisha muda tangu miezi mitatu, kwa uzembe wetu wenyewe, nami nikiwa katibu. Vijana wetu wa upande ule walirudishwa na mitungi yao ya maji. Sikumlaumu yule askari.

Leo chama kina madaftari mawili, moja la kila upande, na majina mengi yamo katika yote mawili, jambo ambalo wakili ametuambia si kosa. Yule mtoto mkubwa wa fundi wa baiskeli, aliyelala miezi minane katika chumba cha uani, ndiye mweka hazina wetu upande wa Uganda. Anazidai stakabadhi za mwaka uliopita kutoka kwa viongozi wa mitaa, kwa maana kibali chetu chaisha mwaka huu na hesabu hazijakamilika. Atakuwa penye mlango wa kusini wa msikiti baada ya sala ya Ijumaa.